Nani Amemtuma Nyoka?



Mtu akiumwa na nyoka hapa kwetu Mulungwishi, maswali mawili huulizwa. La kwanza: ni nyoka gani? La pili huulizwa kwa sauti ya chini: ni nani aliyemtuma? La kwanza ni jema, maana daktari atataka kujua. La pili, kwa maoni yangu, lina sumu kuliko nyoka.

Mtazameni kifutu, yule mnene, mfupi, mwenye mabaka kama majani makavu. Hakimbii upesi kama koboko. Hulala kimya njiani asionekane; ukimkanyaga, huuma. Panya hufuata mahindi ghalani, naye nyoka hufuata panya. Safari yake ni hiyo tu.

Mwaka mmoja, wakati wa mvua, mtoto wa darasa langu aliumwa mguuni akitoka shambani. Nilikuta watu wamejaa uani. Wengine walitafuta jiwe jeusi. Wengine walimtaja bibi mjane aliyegombana na mama wa mtoto juu ya mpaka wa shamba. Mguu ulikuwa umevimba hata gotini, na hakuna aliyekwisha kutafuta gari la kwenda Likasi.

Jiwe hilo ni mfupa uliochomwa. Hata wamisionari wengine walilieneza kwa nia njema, lakini halitoi sumu iliyokwisha kuingia mwilini. Husifiwa kwa kuwa nyoka mara nyingine huuma bila kutia sumu, na mtu wa namna hiyo angepona hata kwa kunywa maji matupu. Dawa ya kweli hutengenezwa kwa damu ya farasi waliodungwa sumu kidogo kidogo. Basi mgonjwa atulizwe, mguu usitikiswe, asichanjwe wala asikazwe kamba, apelekwe hospitali upesi.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Je, wote hao walikuwa na jirani mbaya?

Mtaniuliza: mbona aliumwa huyu, wala si yule aliyemtangulia njiani? Swali hilo ni zito, silidharau. Lakini fumbo likibaki mikononi mwa Mungu, nani ametupa ruhusa ya kulijaza kwa jina la mjane? Watu wa Malta walipomwona nyoka ameshika mkono wa Mtume Paulo, walisema ni mwuaji. Alipokosa kufa, wakasema ni mungu (Matendo ya Mitume, sura ya 28). Nyoka mmoja, hukumu mbili, zote za uongo! Kumwogopa nyoka si dhambi, wala kumwua aliyeingia nyumbani. Kumtaja mtu pasipo ushahidi kunavunja amri ya nane.

Mtoto alipona, ila kidole kimoja cha mguu kilikatwa. Bibi yule yu hai. Siku za soko hupita njia ya nyuma ya mihogo, na watoto wangali wakimkimbia.