Mgeni wa Madyan na Jembe la Siku ya Tatu



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi akaipamba kwa milima, mito na maziwa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, maswahaba wake na kila mwenye kufuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya haya, ndugu zangu wanavyuo, likizo ndefu inakaribia. Wakati kama huu baadhi yetu hupanga kwenda kutembea nchi jirani. Pesa ya hoteli hatuna, kwa hiyo tunafikia kwa watu: kwa shangazi wa rafiki, kwa mzee aliyesoma na baba, au kwa familia ya mwenzetu wa bweni. Mara nyingi wenyeji hao huishi kwa jembe, ng'ombe wawili watatu, au wavu wa dagaa. Tunakwenda kupumzika, kuona milima, kula vya shambani. Hilo halina ubaya. Ila ndani ya safari ya namna hiyo mna ibada kubwa inayopita bila kuonekana, na mna dhulma ambayo mtu anaweza kuitenda huku akisema "alhamdulillah, nimekaribishwa vizuri".

Tuanze na mgeni mmoja ambaye Qur'an imetusimulia habari zake.

Nabii Musa (a.s.) alitoka Misri akiwa na hofu, hana mwenyeji wala pa kufikia. Surat Al-Qasas (28:22-28) inaeleza kwamba alipofika kwenye maji ya Madyan alikuta kundi la watu wakinywesha mifugo yao, na pembeni wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao. Akawauliza wana nini. Wakamjibu kuwa wao hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Musa akawanyweshea. Kisha akarudi kivulini, akamuomba Mola wake akikiri kuwa ni muhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia.

Tutazame mpangilio wa matukio haya. Kwanza ni kazi, kisha kivuli, kisha dua. Musa alikuwa mchovu wa safari na ana njaa, na kivuli alikiona. Lakini hakukikalia kabla ya kumwondolea mtu mzigo. Na alipomaliza hakudai ujira kwa wale wanawake. Haja yake aliipeleka kwa Allah. Jibu la dua likaja kwa miguu: mmoja wa wale wanawake, akitembea kwa haya, akimwita kwa baba yake. Huko akapata amani, mke, na mkataba wa kuchunga miaka minane, au kumi akipenda. Binti wa nyumba alipomsifu, alimtaja kwa mambo mawili: nguvu na uaminifu. Hakusema ni mgeni mchangamfu au mwenye hadithi nzuri. Nguvu zake aliziona kisimani. Uaminifu wake, wafasiri wanasema aliuona njiani, kwa namna alivyochunga heshima yake.

Wazee wetu walikuwa na neno fupi kwa jambo hili: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitamka kwa utani, kana kwamba ni njia ya kumfukuza mgeni. Mimi naliona kinyume chake. Mgeni aliyepewa jembe ameacha kuwa mtu wa mkekani, amekuwa mtu wa nyumbani. Huko Uingereza mwaka 1971 mwanamke mmoja, Sue Coppard, alianzisha mpango wa wakazi wa mjini kwenda mashambani mwisho wa wiki, wafanye kazi na kupewa chakula na malazi. Mpango huo umeenea nchi nyingi duniani. Sisi tulikuwa tayari na methali yetu, na kabla ya methali tulikuwa na kisima cha Madyan.

Likizo iliyopita nilikaa wiki tatu Kibenga, kusini mwa jiji la Bujumbura, nchini Burundi. Ukitokea Kigoma kupitia mpaka wa Manyovu, barabara inakushusha mpaka ziwani, inapita Rumonge, na Kibenga unaikuta unapoingia jijini. Upande mmoja una Ziwa Tanganyika, na upande wa pili vilima vinaanza kupanda. Wenyeji wangu ni familia ya Kiislamu yenye asili ya Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa jiji hilo. Nyumbani wana matuta ya lengalenga, na juu vilimani wana kipande cha maharage na migomba. Siku mbili za mwanzo nililetewa mpaka maji ya kunawa, na wali na samaki aina ya mukeke mezani. Siku ya tatu, baada ya swala ya Alfajiri, baba wa nyumba alichukua majembe mawili, akanitazama, akacheka. Sikuhitaji tafsiri. Tukapanda.

Sasa tuitazame sheria ya ugeni. Katika hadithi ya Abu Shurayh (r.a.) iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameamrisha anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho amkirimu mgeni wake. Takrima maalumu ni mchana na usiku mmoja, ugeni ni siku tatu, na kinachozidi hapo ni sadaka. Kisha akatoa onyo ambalo hatulitaji sana: si halali kwa mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Katika riwaya ya Muslim imesemwa "mpaka amtie katika dhambi", na maswahaba walipouliza vipi, wakajibiwa: anakaa kwake ilhali mwenyeji hana cha kumkirimu.

Hapa ndipo penye uzito. Mwenyeji wa shamba hatakuambia kuwa unga umekwisha. Atakopa dukani, atachinja kuku aliyekuwa wa ada ya shule, atasema uongo mdogo kwamba wao wameshakula. Burundi imepita miaka ya uhaba mkubwa wa petroli, na petroli ikiadimika nauli hupanda na bidhaa hupanda nyuma yake. Katika hali kama hiyo, sahani anayowekewa mgeni kila usiku ina bei ambayo haiandikwi popote. Mgeni anayeila wiki tatu bila kuchangia wala kushika kazi anakula sadaka ya mtu maskini kuliko yeye, na huenda anamsukuma mwenyeji kwenye deni na uongo. Kwa hiyo jembe la siku ya tatu ni kinga: linamkinga mwenyeji na dhiki, linamkinga mgeni na haramu.

Mtu anaweza kusema: mimi nitawalipa kwa dua na ibada, nitasali sana usiku, nitafunga sunna. Ni jambo jema. Lakini Anas bin Malik (r.a.) ameeleza, katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim, kwamba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.) siku ya joto kali, wengine wamefunga, wengine wamefungua. Walipoteremka kambini, waliofunga walianguka kwa uchovu. Wasiofunga wakasimamisha mahema na kuwanywesha wanyama. Mtume (s.a.w.) akasema kuwa siku hiyo waliofungua ndio walioondoka na malipo. Ndugu yangu, mahema na maji ya wanyama! Swaumu ya sunna inayokuacha umelala huku mama mwenye nyumba akichota maji peke yake inahitaji kupimwa upya.

Na uzuri wa nchi, tuuache? Hapana. Allah (s.w.) ametuamrisha tutembee katika ardhi tutazame namna alivyoanzisha uumbaji (29:20), na amewasifu wanaomkumbuka wakisimama, wakikaa na wakilala huku wakitafakari kuumbwa kwa mbingu na ardhi (3:191). Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na ni la pili duniani kwa kina baada ya Baikal la Urusi. Urefu wake ni kilomita zipatazo 670, na nchi nne zinalichangia: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Ukiwa vilimani jioni unaliona likibadilika rangi, na jua likizama nyuma ya milima ya Kongo. Hakuna moyo wenye uhai usiosema "Subhanallah".

Lakini nilichojifunza ni kwamba jembe linafungua macho. Anayekuja na simu tu huona kilima cha kijani. Aliyechimba huona kwamba kilima kile kinateremka. Mvua ikinyesha, udongo unatoka shambani, unaingia kwenye mito kama Kanyosha, unaishia ziwani. Ndiyo maana wakulima wanachimba mitaro ya kukinga maji kwa kukata mteremko, na kupanda majani kwenye kingo zake. Na chini ufukweni kuna msiba mwingine: miaka ya karibuni maji ya ziwa yamepanda, na mwaka 2024 yaliwatoa watu wengi majumbani kwao kando ya ziwa. Aliyeshika chepeo vilimani anaelewa kuwa mtaro mmoja ni hisani kwa mtu wa chini asiyemjua. Tafakuri yake imepata miguu. Kwa watu wa Kibenga mandhari ile ni chakula na makazi, na ni amana ambayo wataulizwa juu yake, nasi tulioionja tutaulizwa.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi Waislamu hasa. Waburundi wengi ni Wakristo, na sisi huko ni wachache. Uislamu ulifika kwa wageni: wafanyabiashara wa pwani waliokuja kupitia Ujiji katika karne ya 19. Wapo walioacha jina jema, wakaoa, wakajenga, wakafundisha watoto Qur'an. Lakini wapo waliokuja na bunduki. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa nguvu kutokea Ujiji, na Mwami Mwezi Gisabo akamzuia. Mgeni mmoja anaweza kuwafanya watu waipende dini kwa vizazi, na mwingine akawafanya waiogope kwa vizazi. Shamba la wenyeji wangu linapakana na la familia ya Kikristo, na mtaro hauulizi dini. Ulipitia mashamba yote mawili, tukauchimba pamoja. Surat Al-Mumtahina (60:8) inaturuhusu wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita. Mahali pa kuifanyia kazi aya hiyo ni hapo, matopeni.

Kusini kidogo ya Kibenga, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe kubwa. Livingstone na Stanley walipumzika hapo usiku mbili mwezi Novemba 1871, wakiwa wageni wa mtemi Mukamba, na majina yao na tarehe yamechorwa kwenye jiwe hilo. Watu huenda kupiga picha. Sina haja ya kuwabeza waliopita. Nauliza tu: mgeni Mwislamu anaacha nini? Anas (r.a.) amepokea kwamba Mwislamu akipanda mti au mazao, kila anachokula ndege, mtu au mnyama kutokana nacho ni sadaka yake (Bukhari na Muslim). Mche wa parachichi hauandikwi jina. Utaliwa na watoto usiowajua, katika nchi ambayo huenda hutarudi, na thawabu itakufuata ulipo.

Ndugu zangu, kwa wanaojiandaa kusafiri, tushike haya:

Kwanza, weka nia kabla ya kufunga begi. Nenda kama mtu wa kuongeza mikono nyumbani kwa watu.

Pili, beba mchango. Sukari, mchele, sabuni, au pesa umpe mwenye nyumba kwa siri na kwa adabu, usimdhalilishe mbele ya watoto.

Tatu, omba kazi, usiichague. Kama hujui kulima, chota maji, osha vyombo, wafundishe watoto hesabu na Qur'an. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake (Bukhari). Hakuna kati yetu aliye mbora kuliko yeye.

Nne, usipige picha ya umaskini wa watu ukaiweka WhatsApp. Walikupa siri ya nyumba yao.

Tano, jua hukumu ya swala yako. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, wewe si msafiri tena: timiza rakaa zako, wala usichanganye swala kwa kisingizio cha safari.

Sita, ondoka kabla ya kuchokwa, na acha kitu kinachoota.

Ewe Mola wetu, wabariki wenyeji wote waliotulisha na kutulaza, waongezee katika riziki yao na uwasamehe. Ijaalie mikono yetu iwe nyepesi kwa kheri, na macho yetu yaone ishara zako. Sisi ni wahitaji wa kila kheri utakayotuteremshia, kama alivyokuwa mgeni wa Madyan chini ya kivuli. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.