Sadaka ya Kipande cha Bondeni

Mhariri aliponiomba niandike habari za marehemu muuguzi wetu, nilidhani kazi ingekuwa nyepesi, maana nilimfahamu tangu utoto wangu. Lakini kila nikianza kumsifu namkumbuka mume wake, na kalamu inasita. Basi nimeonelea niwaeleze hicho kinachonisitisha. Ni swali ambalo mimi mwenyewe sijalimaliza: je, mtu ana haki ya kutoa sadaka kitu kisichokuwa chake peke yake?

Mwaka 1973 ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya, mimi nilikuwa darasa la saba, naye alikuwa mgeni katika zahanati yetu huku Usambara Mashariki. Wa umri wangu wanakumbuka. Watu walikaa kwa vikundi kuzunguka redio, kipindi kikiisha kikasomwa kitabu, kisha wakajadiliana na kuamua la kufanya. Nchi nzima walishiriki watu kama milioni mbili. Katika kikundi chetu wazee wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mimi nilisoma na yule muuguzi akaeleza. Tulichimba vyoo, tukafukia madimbwi. Wazee walimwita Bibi Nesi ingawa hakuwa amefika hata miaka thelathini, na jina hilo alikufa nalo.

Aliolewa papo hapo kijijini na mkulima wa iliki na migomba. Asubuhi alikuwa zahanati, na siku ya kliniki mizani ya kupimia watoto ilining'inia kwenye tawi la mwembe. Jioni alikuwa shambani, jembe mkononi, mtoto mgongoni. Tena alikuwa na daftari lake mwenyewe, mbali na lile la serikali. Kila mwezi aliandika watoto walioletwa kwa kuhara, na pembeni akaandika hali ya kijito: kimejaa, kimepungua, kimebaki madimbwi. Alinionyesha. Miezi ya kiangazi, watu walipochota maji yaliyotuama, ukurasa ulijaa majina. Aliwafundisha akina mama kuchanganya maji yaliyochemshwa, sukari na chumvi, na watoto wengi walipona. Lakini alichoka, aliniambia, kumtibu mtoto yuleyule kila Januari.

Mwaka 1980 nilirudi kijijini nikiwa mwalimu mpya kutoka chuo cha ualimu, nimejaa maneno. Mwaka huohuo redio ikaleta kampeni nyingine, Misitu ni Mali. Nikawaongoza wanafunzi kupanda mikaratusi mia mbili, na tukaipanda karibu na chemchemi ya shule, maana udongo wa pale ulikuwa na unyevu na miche ingeshika upesi. Bibi Nesi alipita, akatazama, akasema, "Mwalimu, miti hiyo itakunywa kuliko watoto wako." Nilimjibu kwa kiburi cha mwenye cheti kipya. Baada ya miaka saba au minane chemchemi ile ikawa inakauka kila kiangazi, na wanafunzi wakawa wanapanda na ndoo kutoka bondeni. Sisemi ni mikaratusi peke yake, kwa kuwa huko juu mlimani miti mingi ilikuwa imekatwa. Lakini ile mia mbili niliipanda mimi.

Yeye alifanya namna nyingine. Shamba la mumewe lilishuka hadi kijitoni, na kipande cha chini ndicho kilichokuwa na rutuba kuliko vyote. Magimbi na miwa vilistawi pale hata mwaka wa ukame. Alitaka kiachwe, hatua thelathini kutoka ukingoni, kipandwe miti ya asili ili maji yapate kivuli na udongo usiporomoke. Mume alikataa. Walibishana misimu miwili. Ndipo mwaka 1983 mume alikwenda Tanga kuuza iliki, akakaa juma zima, na aliporudi alikuta magimbi yameng'olewa, miwa imekatwa, na miche ya mikuyu imesimama kwa mistari.

Jambo hili halikusemwa siku ya mazishi. Mwenyewe alinihadithia, mumewe naye alinihadithia, na watoto wao wameniruhusu kuliandika.

Matunda yake yalionekana. Sitasema kijito kilirudi kama kilivyokuwa enzi za babu zetu. Lakini majirani wanne wa upande wa juu walifuata mfano wake, na baada ya miaka kumi maji hayakuwa yakikatika tena kuwa madimbwi mbele ya kijiji. Kurasa za Januari katika daftari lile zikapungua majina. Tena kijito chetu huingia Mto Zigi, na maji ya Zigi ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Yeye alikuwa amekwisha kuacha hatua zake thelathini zaidi ya miaka ishirini kabla.

Hasara nayo ilionekana, nyumbani kwake. Kijana wao wa kwanza alipomaliza darasa la saba hakuchaguliwa na serikali. Shule moja ya kulipia ilikubali kumpokea. Ada ingetoka kwenye miwa ya bondeni, na miwa haikuwapo. Leo ni fundi wa kujenga, mtu mwema, lakini hajaona mlango wa sekondari isipokuwa ule alioupachika mwenyewe.

Sasa tuamue vipi? Tunapenda kuhubiri habari ya mjane aliyetoa senti zake mbili. Nimesikia mahubiri hayo labda mara hamsini, na sijamsikia padre hata mmoja akiuliza kama nyumbani mjane yule alikuwa na mtoto anayengoja chakula. Na Nabothi je? Tunamlaani mfalme aliyechukua shamba la urithi wa mtu. Kama angelichukua ili kulinda kisima cha mji, tungesemaje?

Labda utaniambia, Mwalimu, shamba halikuwa la mume peke yake, maana mke alililima. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Kwa desturi ya wakati ule ardhi ilikuwa ya mwanamume, ijapokuwa mikono ilikuwa ya mwanamke. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ndiyo iliyokuja kusema waziwazi kwamba haki ya mwanamke ni sawa na ya mwanamume. Asiyepewa nafasi ya kuamua hujikuta ama ananyamaza ama ananyakua. Mimi namwona hana hatia mbele ya mume. Mbele ya yule kijana sina hakika, kwa maana mtoto hakuulizwa na yeyote.

Wangari Maathai wa Kenya, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliliona jambo hili mapema. Alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, wanawake wa vijijini waliootesha miche walipata malipo kidogo kwa kila mche ulioshika. Ilikuwa senti chache tu, lakini zilikuwa zao. Huko Uluguru nako, baada ya mwaka 2006, ulijaribiwa mpango wa kuwalipa wakulima wanaotunza miteremko, kwa sababu Mto Ruvu hupeleka maji Dar es Salaam. Yaani anayekunywa amchangie anayetunza. Kanisa letu la Anglikana duniani lilikubali mwaka 1990 kwamba utunzaji wa uumbaji ni sehemu ya utume wetu, nasi tunalisema hilo vizuri sana. Ila hapa kijijini tulikunywa maji yale miaka arobaini, Umoja wa Mama ukampa Bibi Nesi kanga na cheti, na hakuna aliyepeleka nyumbani kwake hata debe la mahindi. Mimi pia sikupeleka. Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa kuliko la magimbi yaliyong'olewa.

Baada ya arobaini nilikwenda kumwamkia mzee. Nilimkuta bondeni, amekaa juu ya mzizi wa mkuyu. Akaniambia, "Nilimkasirikia miaka mitano. Siku hizi nakaa hapa kila jioni. Lakini ukiniuliza kama leo ningemkubalia, Mwalimu, ningekataa tena."

Yule mwana wa kwanza sasa ana binti aliyepata nafasi katika chuo cha ufundi, na ada haijatimia. Amemwambia baba yake kwamba mikuyu miwili mitatu ikikatwa, magimbi yataota pale mwaka huuhuu. Sheria anaijua, lakini anajua pia kwamba hakuna ofisa anayeshuka bondeni kupima mita. Halmashauri ya mtaa itakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, nami nimeomba ada ya mjukuu huyo iwekwe katika ajenda, kabla ya suala la bati za nyumba ya padre. Mzee amenisihi nisimtaje yeye kikaoni.