Elimu na Amri ya Nne

Mtoto wa Nassa, mkoani Simiyu, husema Kisukuma nyumbani, husoma kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali, kisha sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Biashara ya dunia yadai lugha hiyo, nasi hatuikatai. Mwenye lugha nyingi ana milango mingi. Lakini twauliza: kijana aonaye haya kumjibu bibi yake kwa lugha ya nyumbani, je, ameelimika? Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alionya juu ya shule imtengayo mtoto na jamii yake. Amri ya Nne haifutwi na cheti. Wazazi, wapelekeni watoto shuleni. Jioni waketisheni karibu na wazee. Mwacha asili ni mtumwa.