Hakuna Pori Mbele ya Mungu

Watu wana maneno mengi ya kutaja nchi ya mbali yenye wakaaji wachache. Penye miti na nyasi pasipo nyumba huitwa pori. Nchi kavu iliyo wazi huitwa nyika. Isiyo na maji, jangwa. Kijiji kilichoachwa na watu, pakabaki mafiga na migomba tu, huitwa mahame.

Maneno hayo hayana kosa. Kosa laanza pale kijana arudipo kutoka mjini na kuwaita wazazi wake “watu wa pori”, kana kwamba Mungu hukaa penye taa na barabara tu.

Hata neno mpagani lina asili yake. Latoka katika Kilatini, paganus, na maana yake ya kwanza ni mkaaji wa mashambani. Wengi hueleza kwamba zamani za Warumi Injili ilishika mijini kwanza, nao wa mashambani wakachelewa kuipokea. Ndipo jina lao likawa jina la wasiobatizwa. Lakini si pori limfanyalo mtu kuwa mpagani, bali moyo uliomfungia Mungu mlango.

Bwana wetu Yezu Kristu alikulia Nazareti, kijiji ambacho Natanaeli alikidharau. Yohane Mbatizaji alihubiri jangwani, si sokoni Yeruzalemu. Na Yezu mwenyewe alifunga jangwani siku 40.

Katika Kongo yuko Mwenye Heri Isidori Bakanja, mwashi, aliyebatizwa mwaka 1906. Alikwenda kufanya kazi Ikili, kwenye shamba la mpira, mbali na misioni. Huko alisali rozari yake, akavaa skapulari ya Bikira Maria, akawafundisha wenzake sala. Msimamizi mzungu aliichukia dini hiyo, akaamuru apigwe mijeledi mpaka mwili ukachanika. Bakanja aliugua miezi mingi kwa vidonda, akamsamehe msimamizi, akaahidi kumwombea mbinguni. Alikufa Agosti 1909. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri.

Basi mkatekumeni ambaye padri humfikia mara chache asione haya kwa ajili ya kijiji chake, wala asifanye umbali kuwa udhuru wa kuacha sala. Asali asubuhi na jioni, ajifunze katekisimu, amfundishe jirani. Mahali anaposali mtu mmoja kwa moyo wote, Mungu yupo hapo. Hapaitwi ukiwa tena.