Rangi ya Miadi

Kiswahili kina maneno mawili kwa jambo ambalo simu hulionyesha kama kitu kimoja: ratiba na miadi. Yote mawili yalitoka Kiarabu. Ratiba ina mzizi wa kupanga, uleule uliotupa neno taratibu. Miadi ina mzizi wa kutoa ahadi. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mtu anaweza kuwa na ratiba akiwa peke yake, lakini hawezi kuwa na miadi bila mtu wa pili. Kalenda ya simu huyaweka yote mawili katika visanduku vinavyofanana, kisha humwachia mwenye simu aamue kila kisanduku kiwe na rangi gani. Katika insha hii nauliza kama mwenye simu ana haki ya kuamua hivyo peke yake.

Najua swali hili linaweza kuonekana dogo. Rangi ni rangi, mwenzangu mmoja aliniambia, hata soksi zina rangi. Lakini tuangalie jinsi sisi wanafunzi wa Bujumbura tunavyozitumia. Katika simu za wenzangu nilizowahi kuonyeshwa, mitihani huwa nyekundu, vipindi huwa buluu, na kazi ya kujipatia riziki, kama vile kuwafundisha watoto wa watu jioni, huwa kijani. Halafu inabaki rangi moja kwa yale mengine yote: kumtembelea shangazi, kikao cha kamati ya harusi, matanga, kumpeleka mzazi hospitali, kazi za pamoja za mtaa Jumamosi asubuhi. Mara nyingi rangi hiyo ni kijivu. Hakuna aliyetufundisha hivyo, wala hatukukaa kikao kukubaliana.

Google Calendar hutoa rangi kumi na moja kwa matukio, na kila moja imepewa jina la kitu: nyanya, ndizi, zabibu, tausi, flamingo na kadhalika. (Ndizi yao ni ya njano. Mtu aliyekulia Burundi, ambako ndizi mbichi hupikwa na maharage, angetarajia iwe ya kijani.) Waliochagua majina hayo walifanya kile ambacho Kiswahili kimekifanya siku zote. Lugha yetu ina vivumishi vitatu tu vya rangi vilivyo vyake kabisa: -eupe, -eusi na -ekundu. Ni rangi zilezile ambazo Brent Berlin na Paul Kay, katika kitabu chao cha 1969, walisema hupatikana katika lugha yenye majina matatu tu ya msingi ya rangi. Nyingine nyingi tunazitaja kwa kuonyesha kitu: kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu. Kwa hiyo ninapoipa ziara ya shangazi rangi ya kijivu, kwa Kiswahili nimesema zaidi ya kile ambacho programu inadhani nimesema. Nimesema ni majivu, yaani kile kinachobaki baada ya moto kumaliza kazi yake.

Kalenda yenye rangi si ngeni Burundi. Wakatoliki, ambao ni wengi nchini, wameishi nayo tangu enzi za wamisionari: zambarau wakati wa Majilio na Kwaresima, nyeupe kwa Noeli na Pasaka, nyekundu kwa Pentekoste na sikukuu za mashahidi, kijani katika kipindi cha kawaida. Ukiingia kanisa kuu la Regina Mundi hapa mjini, vazi la padri litakuambia uko wapi katika mwaka. Hakuna muumini aliyeichagua rangi hiyo, na hakuna anayeiona tofauti na aliyeketi kando yake. Waislamu wa Buyenzi nao huanza kufunga kwa mwezi unaoandama kwa wote, tajiri na maskini.

Rangi ya simu ni kinyume cha hayo. Nikimwalika mtu kwenye tukio, anaona siku, saa na mahali. Rangi niliyolipa tukio hilo haioni. Katika simu yake litakuwa na rangi yake. Kwa hiyo kila miadi ina sehemu mbili: ile tuliyokubaliana, na ile niliyoiamua kimya kimya kuhusu uzito wa neno nililompa. Hapo ndipo naona suala la maadili.

Nitoe mfano. Rafiki yangu anayesomea uchumi alikuwa na wiki ngumu, yenye kazi tatu za kukabidhi. Akatazama simu, akaona visanduku vinne vya kijivu, akavisogeza vyote hadi wiki iliyofuata. Haikumchukua hata dakika moja. Kimojawapo kilikuwa kumsindikiza mjomba wake hospitali. Mjomba huyo hasomi Kifaransa, na alimhitaji mpwa wake amsomee karatasi na amsaidie kuzungumza na daktari. Alipopigiwa simu alisema tu, "Haya mwanangu, najua una masomo." Akaenda peke yake, baada ya kusubiri basi tangu alfajiri kwa sababu ya uhaba wa mafuta, na akarudi nyumbani na karatasi ambayo hakuna aliyemweleza.

Simsimulii rafiki yangu ili kumlaumu. Kama angeulizwa ana kwa ana kipi kisogezwe, nadhani angekiacha kikao cha kamati ya harusi, kilichokuwa kijivu pia, na kwenda na mjomba. Hakuulizwa hivyo. Swali lilijibiwa na rangi, na rangi ilikuwa imewekwa wiki tatu kabla, siku alipoandika tukio lile akiwa na haraka ya kuingia darasani.

Kuna pingamizi lenye nguvu, na sitaki kulipita. Mtu atasema kwamba kila binadamu hupima mambo yake, awe na simu au asiwe nayo, na kwamba rangi hufanya upimaji huo uonekane. Anayetazama mwezi mzima wa buluu na nyekundu anajua, bila kuambiwa na mtu, kwamba hajaenda kwa wazazi wake. Nakubali. Tena naongeza ushahidi upande huo. Mwenzangu mmoja wa kike anaishi nyumba moja na kaka yake, ambaye pia ni mwanafunzi. Siku moja waliweka kalenda zao sambamba. Kijivu chote kilikuwa cha dada: kuuguza, kupokea wageni, kwenda kusaidia kupika kwenye matanga. Kalenda ya kaka ilikuwa safi kama sare ya Jumatatu. Dada alikuwa amelalamika kwa maneno tangu mwaka wa kwanza na hakusikilizwa. Zile rangi zilisikilizwa. Kwa hiyo sisemi tuzifute. Hapo rangi ilifanya kazi kwa sababu iliwekwa mezani, watu wawili wakaitazama pamoja.

Tatizo langu ni rangi inayowekwa kwa kufuata jambo linatoka wapi. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 kuhusu misingi ya maadili, alitofautisha wajibu kamili, ambao hauachi nafasi ya kuchagua, na wajibu usio kamili, ambao tunaamua wenyewe tuutimize lini na kwa kiasi gani. Kutotoa ahadi ya uongo ni wa aina ya kwanza. Kuwasaidia wenye shida ni wa aina ya pili. Si lazima kumfuata Kant hadi mwisho ili kuona kwamba kijivu chetu kimevichanganya viwili hivyo. Kumjulia shangazi hali ni wema ambao unaweza kusubiri Jumapili nyingine. Mjomba alikuwa ameahidiwa. Vyote viwili vimepewa rangi moja kwa sababu vyote ni "mambo ya nyumbani", kana kwamba nyumbani ni mahali ambapo ahadi huwa nyepesi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni ugonjwa wa saa za kigeni. Watamtaja John Mbiti, aliyeandika mwaka 1969 kwamba Mwafrika wa jadi alihesabu wakati kwa matukio, akitoa mfano wa watu wa Ankole nchini Uganda waliogawa siku kwa shughuli za ng'ombe. Robert Levine, mwanasaikolojia wa Marekani, naye alieleza katika kitabu chake cha 1997 jinsi alivyosimuliwa na Mrundi kwamba huku watu huweza kupatana wakutane ng'ombe wanapotoka kwenda malishoni. Sikubali kwamba tofauti kubwa ni ya Afrika na Ulaya. Simu yangu inasema 14:00, mimi nasema saa nane, kwa Kiswahili na kwa Kirundi vilevile, na sijawahi kuumia kwa tafsiri hiyo. Ng'ombe wanaotoka malishoni na vazi la padri vinafanana kwa jambo moja: wote waliopatana wanakiona kitu kilekile. Hakuna anayebaki na ng'ombe wake wa siri.

Basi ninachopendekeza ni kubadilisha kinachopimwa. Badala ya kuuliza jambo limetoka chuoni, kazini au nyumbani, tuulize nini kitatokea nisipofika. Rangi moja iwe ya mahali ambapo mtu mwingine atakwama bila mimi. Nyingine iwe ya mahali ambapo nitakosekana lakini mambo yataendelea. Nyingine iwe ya yale yanayonihusu mimi tu. Kwa mpango huu mjomba anakaa rangi moja na wasilisho la kikundi, kwa sababu pande zote mbili kuna watu waliosimama wakiningoja. Kipindi ninachoweza kupata maelezo yake kwa jirani kinashuka chini, hata kama kinaonekana cha heshima kwa kuwa ni cha chuo. Na jambo muhimu kwangu: rangi kama hiyo naweza kumwonyesha yule ninayekutana naye bila kuona haya. Shangazi akiambiwa yuko katika rangi ya yanayoweza kusubiri, huenda atanicheka, lakini hatakuwa amedharauliwa.

Rafiki yangu wa uchumi ameanza kuutumia mpango huu. Mwezi uliopita, Jumamosi moja, kikundi chake kilipanga mazoezi ya mwisho ya wasilisho, na ukoo wake ulikuwa Gitega kwa kuganduka, ile siku ya kuondoa matanga, ambapo yeye ndiye aliyeombwa kusoma neno la familia. Visanduku viwili, saa zilezile, rangi ileile. Alinionyesha simu, nami sikuwa na la kumshauri. Mwishowe alitoka nje, akawapigia wenzake wa kikundi mmoja baada ya mwingine, na alikaa huko muda mrefu.