Anayesikia na Anayetii
Vitabu vya sarufi ya Kimisri cha kale hufundisha vitenzi kwa neno moja: sedjem, kusikia. Irabu hazikuandikwa, kwa hiyo sedjem-ef ileile yaweza kusomwa "anasikia", "alisikia" au hata "asikie". Mfasiri ndiye anayeamua kama mtu alitenda au aliamriwa. Mimi mwandishi wa habari, jamani, ningetetemeka.

Ila kinachonisumbua zaidi ni maana. Sedjem ni kusikia, na pia ni kutii. Nasi tunaye mtoto "msikivu", na yule "hasikii" ana masikio mazima tu. Mafundisho ya Ptahhotep yanamsifu sana mwana anayesikia. Sawa. Lakini aliyesikia vizuri, akapima, akakataa? Kwetu huyo naye ni sikio la kufa, hata kama alichokikataa ni dhuluma.