Neno Juu ya Mpiganaji Aliyejifanya Ameumia



Mwinjilisti mmoja wa upande wa Kyela alituletea swali, nasi tulikawia kumjibu, kwa maana hatukutaka kulijibu kabla ya kulipima. Katika usharika wake yuko kijana apendaye mchezo wa ngumi. Siku moja, katika shindano la kijijini karibu na ziwa, kijana huyu alikuwa amechoka kabisa, na mwenzake akimzidi nguvu. Ngumi ya mwenzake ikamgusa kwenye mkanda, wala haikumwumiza. Lakini yeye akaanguka, akajishika tumbo la chini, akalia kama mtu aliyepigwa mahali pasipo ruhusa. Mwenzake akashusha mikono, akamwinamia, akamwomba radhi. Mwamuzi akasimamisha mchezo ili apumzike. Maana katika sheria za ngumi zilizo nyingi, mtu aliyepigwa chini ya mkanda aweza kupewa hata dakika 5. Basi kijana akapumzika, akainuka na nguvu mpya, akampiga mwenzake ambaye moyo wake ulikuwa umelegea kwa huruma, akashinda. Zawadi yake ilikuwa gunia la mpunga.

Mwinjilisti alipomkemea, kijana alijibu hivi: “Mwalimu, ngumi zote ni hila. Nikionyesha mkono wa kushoto nikapiga kwa wa kulia, mbona hamniiti mwongo? Hata Yoshua alijifanya ameshindwa, na Bwana akampa mji.”

Jibu hili si la kipumbavu. Twakiri ya kuwa lilituondolea usingizi, tena lilitupendeza kidogo kuona ya kuwa kijana huyu amesoma Agano la Kale kuliko wazee wengine wa kanisa.

Ni kweli, katika Yoshua sura ya 8 twasoma habari za mji wa Ai, jinsi Israeli walivyokimbia kana kwamba wamepigwa, hata watu wa mji wakatoka wote kuwafuata, na waliovizia nyuma wakaingia mjini. Lakini tuangalie sana: watu wa Ai walidanganywa na kitu gani? Walidanganywa na tamaa yao ya kuwamaliza adui. Yoshua hakulia kuomba msaada. Kadhalika wazee wetu wengi wanalikumbuka pigano la Kinshasa la tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomshinda George Foreman. Ali alijiegemeza kwenye kamba za ulingo, raundi baada ya raundi, kama mtu aliyeishiwa nguvu, akamwacha Foreman apige hata achoke. Na katika raundi ya 8 akamwangusha. Foreman alinaswa na nguvu zake mwenyewe. Hakuna sheria iliyomwamuru kuacha kupiga kwa kuwa mwenzake ameegemea kamba, wala hakuna aliyemsihi aache.

Basi kijana wa Kyela alimnasa mwenzake kwa kitu gani? Kwa wema wake. Mwenzake alikuwa akipigana vema, na kama angalikuwa mtu mkatili asingalishindwa siku ile. Hapo ndipo tuonapo tofauti, nayo si ndogo. Aonyeshaye kushoto akapiga kulia amdanganya adui aliye macho, aliyekwisha kujua ya kuwa atadanganywa. Ajifanyaye ameumia amwambia adui yake, “Sasa usiwe adui, uwe jirani yangu”. Na yule akiisha kuwa jirani, ampiga.

Wenye kutunga sheria za vita nao wameliona neno hili. Katika Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa juu ya Mapatano ya Geneva, kifungu cha 37 chakataza kumwua au kumkamata adui kwa kujifanya umejeruhiwa au u mgonjwa. Lakini kifungu kicho hicho chasema hila za vita hazikatazwi, kama kujificha kwa majani, au kuonyesha shambulio lisilo la kweli. Askari hawapendani, wala sheria hii haikuandikwa ili wapendane. Iliandikwa kwa kuwa majeruhi wa kweli wako, nao watakufa wote siku ile ambayo hakuna mtu atakayesadiki kilio chao.

Sisi tukaao karibu na Ziwa Nyasa tunaye mwalimu wa jambo hili majini. Yuko samaki ambaye wataalamu humwita Nimbochromis livingstonii, na wavuvi wa upande wa Malawi humwita kaligono, yaani mlalaji. (Nasi tuamkianao “ugonile” hatuhitaji kufasiriwa jina hilo.) Samaki huyu hulala ubavu juu ya mchanga, na mabaka ya mwili wake yamfanya aonekane kama mzoga uliokwisha kuoza. Samaki wadogo waja kumdonoa, naye huinuka ghafula akawameza. Tena mchangani wako ndege wadogo ambao, mtu akikaribia makinda yao, huburuta bawa kana kwamba limevunjika, ili mtu awafuate wao na kuwaacha makinda. Wote wawili hujifanya. Lakini ndege hujiweka hatarini kwa ajili ya wengine, na samaki hutafuta tumbo lake. Kwa hiyo hatumhukumu mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi akalala kama maiti ili asiuawe. Wala hatumhukumu Daudi alipojifanya mwenye wazimu kule Gathi; alitafuta njia ya kutoka, hakutafuta mtu wa kumpiga. Amnoni aliyejilaza kama mgonjwa ili apate kumshika Tamari, huyo ni jamaa ya kaligono.

Mtu atasema, “Mchungaji, huu ni mchezo tu, nani ameumia?” Tusikilize habari za mchezo wenyewe. Miaka ya 1920 alikuwako Mwingereza mmoja, Phil Scott, mpiganaji wa uzito wa juu, aliyeshinda mara kadha wa kadha kwa kuanguka na kulalamika ya kuwa amepigwa chini ya mkanda, hata watu wakampa jina la dhihaka, Phil mwenye kuzimia. Mwezi wa Februari 1930, huko Miami, alipigana na Jack Sharkey. Akaanguka, akalalamika tena, lakini ushindi akapewa Sharkey. Huenda safari ile aliumizwa kweli. Nani angemsadiki? Mwezi wa Juni mwaka ule ule, huko New York, Sharkey huyo huyo alimpiga Mjerumani Max Schmeling chini ya mkanda katika raundi ya 4, na Schmeling akapewa ubingwa wa dunia akiwa amelala chini. Makelele yakawa mengi. Baada ya hayo wakuu wa mchezo huko New York walikata shauri ya kuwa mtu asishinde tena kwa kulalamikia pigo la namna ile, na wapiganaji wavae kinga. Sheria ikawa ngumu zaidi kwa wote, hata kwa aliyeumizwa kwa haki.

Nasi hatuna haja ya kwenda New York. Mtu apitaye usiku katika njia ya kutoka Kyela kwenda Tukuyu, akiona mtu amelala kando ya barabara, neno gani lamjia kwanza moyoni? Twajua wote: “Huenda ni mtego.” Maandiko hayatuambii kwa nini kuhani na Mlawi walipita kando katika njia ya Yeriko. Lakini njia ile ilikuwa na wanyang'anyi, na sisi tulioendesha pikipiki usiku pasipo kusimama hatuwezi kuwacheka sana.

Basi tulimwandikia mwinjilisti asimzuilie kijana Meza ya Bwana kwanza, bali amtume kwa mwenzake na kwa mwamuzi akaseme kweli, na mpunga uende kwake yeye aliyestahili. Kijana alitii, ijapokuwa ilimchukua majuma matatu, na mama yake alikuwa amekwisha kupika sehemu ya mpunga ule. Kilichosalia alikibeba mwenyewe kwa baiskeli hata Ipinda.

Mwenzake aliupokea, wakapeana mikono. Lakini alimwambia mbele ya mwinjilisti, “Nimekusamehe, ndugu yangu. Ila mtu mwingine akianguka mbele yangu, sitashusha mikono tena.” Sasa mwinjilisti atuuliza amjibu nini huyu wa pili, nasi hatujapata la kumwandikia.